Kanzu Iliyokunjwa Kando ya Kaburi

Jicho la kushoto la mtu ninayesimulia habari zake hapa lilipasuliwa kwa mpini wa jembe, wakati wa alasiri, kando ya kaburi lililokuwa wazi, mbele ya umati wa wanaume, na mimi nikiwa mmoja wao. Barua ya kwanza ya mtendaji wa kijiji ilieleza kwamba mtu huyo "ameumia katika utani wa msiba". Barua hiyo ilikuwa ya uongo. Ninaandika ili yeyote atakayekutana na nakala yake awe na karatasi nyingine ya kuiweka juu yake.

Nilistaafu nikiwa msimamizi wa masijala, yaani chumba ambamo kila barua ya ofisi huingizwa, hupewa namba na kuwekwa katika jalada lake. Mke wangu alikuwa muuguzi. Sote tumezaliwa bara na kuletwa Pwani na kazi. Binti yetu alijenga nyumba ndogo ya mapumziko katikati ya mikorosho, si mbali na Mchukwi, ili aje kupumua na rafiki zake wa Dar es Salaam. Wao huja siku mbili, hupiga picha, huchoma nyama, huondoka. Sisi wazee ndio tunaokaa miezi.

Rafiki hao husema kwamba huku kumetulia. Kauli hiyo hunikera, kwa kuwa husemwa na watu ambao hawajawahi kuvuka uzio. Nilianza kuvitembelea vijiji vya jirani kimoja baada ya kingine, nikiwa na daftari, na daftari hilo halina ukurasa mmoja uliotulia. Katika kijiji cha kwanza nilikuta wanawake wanamuua nguruwe pori aliyeingia kwenye mpunga. Walimpiga kwa michi ya vinu hadi taya likaachana na kichwa, na mmoja wao, damu ikiwa imemfika viwikoni, alinikaribisha chai. Katika kijiji kilichofuata, mwanamume ambaye mguu wake ulichukuliwa na mamba hadi gotini aliniomba nimshikie baiskeli apande. Katika njia ya Mbwara nilikuta dungu, kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mashamba, limeangushwa na kiboko usiku uliopita. Mwenyewe alikuwa analijenga upya kwa ubao uleule, wenye damu ya ndugu yake iliyokauka, na alipoona ninautazama aligeuza upande ule ukawa chini.

Aliyenipeleka huko kote ni mwangalizi wa nyumba yetu, mkulima wa korosho mwenye pikipiki, mwenyeji wa huku kwa baba na kwa mama. Ndiye aliyenipeleka pia kwenye msiba wa kwanza, na aibu niliyoipata huko ndiyo iliyozaa kosa langu la baadaye, kwa hiyo sina budi kuieleza.

Tulikuwa tunalifuata jeneza kwenda makaburini. Ghafla wanaume wanne walichomoka vichakani wakiwa na fimbo, wakawachapa wabebaji miguuni, chapa ya kweli yenye mlio, wakalinyakua jeneza na kukimbia nalo.

"Huyu hazikwi!" alipaza sauti mmoja wao. "Kafa na kuku wetu tumboni!"

Nilimrukia wa karibu yangu, nikamkaba ukosi wa shati. Nilisema, kwa sauti niliyoitumia kazini miaka mingi, kwamba kunajisi maiti ni kosa la jinai na kwamba nitapiga simu polisi sasa hivi. Yule niliyemkaba alinitazama kwa upole.

"Mzee," aliniuliza, "wewe ni mtani wa ukoo gani? Maana umekaba vizuri."

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mwangalizi wetu alinivuta pembeni akanieleza. Ukoo wa wale wanne una utani na ukoo wa marehemu tangu enzi za mababu. Watani ndio huchimba kaburi na ndio huosha maiti, na kwa kazi hiyo wana haki ya kutukana, kunyang'anya na kuzuia mazishi hadi wapewe kuku au chochote. Aliyetaniwa hakasiriki. Akikasirika, yeye ndiye mwenye kosa. Na jambo lililofanyika kiutani halipelekwi mbele ya baraza wala polisi, kwa sababu anayemshtaki mtani wake huvunja utani, na siku akifiwa hapana atakayemchimbia.

Kwa wiki nzima wauza samaki wa barabarani waliponiona walijikaba ukosi wenyewe. Mwangalizi alisema huo ulikuwa mwanzo wa kupendwa. Mimi sikupenda. Niliapa kwamba sitaingilia tena jambo la watu wa huku nisilolijua.

Msiba wa pili ulikuwa bondeni, baada ya kuiacha barabara ya Mkongo, katika kijiji nisichokitaja kwa kuwa wengi wa wakazi wake hawakukosa lolote. Njiani mwangalizi alinipa habari za wafiwa. Marehemu, mzee wa umri mkubwa, alikuwa na shamba kando ya mto, katika ardhi ile ambayo mafuriko yakishuka huacha tope jeusi lenye kuzaa mahindi na maboga bila kungoja mvua. Kwa misimu mingi alikuwa amemwachia mtani wake alilime. Sasa mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa amerudi kutoka mjini na alilitaka.

"Na mtani anasemaje?" niliuliza.

"Anasema mzee alimpa mbele ya watu. Mtoto anasema baba alikuwa anatania." Mwangalizi alicheka, pikipiki ikayumba. "Hapo ndipo pagumu, mzee. Na hao ni watani kweli."

Kwa hiyo nilijua. Hili naliandika wazi: nilifika makaburini nikiwa nimekwisha kuambiwa habari za shamba.

Mtani alikuwa mwanamume mfupi mwenye mabega mapana, aliyeshinda tangu alfajiri akichimba kaburi na kuosha maiti. Mikono yake ilikuwa bado inanukia karafuu maiti. Jeneza lilipofika alishuka kaburini akajilaza chali.

"Kaburi zuri hili," alisema kutoka chini. "Acheni nilale mimi. Mzee wenu alikuwa mlafi hata wa usingizi, mkimlaza hapa atataka na la jirani."

Watu walicheka.

"Mleteni mwanawe amshike miguu. Kichwa asishike, hajui kinavyotumika."

Walicheka zaidi. Nami, niliyekwisha kufundwa, nilitabasamu pamoja nao.

Mtoto wa marehemu alivua kofia yake. Akavua kanzu, nyeupe, mpya. Aliikunja mara mbili kwa urefu na mara moja kwa upana, kama inavyokunjwa dukani, akaiweka juu ya kikapu kilichopinduliwa, kisha akaiweka kofia juu ya kanzu. Wale wanne wa msiba wa kwanza waliwachapa wabebaji nguo zao za msibani zikiwa mwilini, zikachafuka, hawakujali. Huyu alizihifadhi nguo zake. Niliiona tofauti hiyo, na niliendelea kutabasamu.

Alimshika mtani kifundo cha mguu, akamburuta hadi juu. Akachukua mpini wa jembe uliokuwa kwenye lundo la udongo, akampiga ubavuni.

"Ongeza," alisema mtani, bado anacheka. "Baba yako alikuwa anapiga kwa nguvu zaidi."

Pigo la pili lilitua begani, na nilisikia mfupa. Mtani alipiga goti. Pale aliinua mkono na kusema, si kwa sauti ya utani, bali kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu: "Ndugu yangu, shamba tutaongea nyumbani."

Katika utani hakuna ndugu yangu. Kuna mpumbavu wewe, kuna mwana wa mlafi. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wengi, na nililisikia neno hilo lote. Nyuma yangu bado walikuwa wanacheka.

Pigo la tatu lilikuwa usoni. Mpini ulikuwa na ncha iliyochongwa ili iingie kwenye jembe, na ncha hiyo ndiyo iliyoingia jichoni. Pigo la nne na la tano yalimkuta amelala. Kicheko kilikoma taratibu, kuanzia mbele kwenda nyuma. Hapana aliyesogea. Mimi sikusogea. Nilipogusa midomo yangu niliikuta bado iko katika umbo la tabasamu.

Kisha mtoto wa marehemu aliuweka mpini chini, akanawa kwa maji yaliyoletwa kwa ajili ya wazikaji, akavaa kanzu, akavaa kofia, akashuka kumpokea baba yake. Walizika. Walifukia udongo, walisoma dua, walifanya kila kilichopasa kufanywa, na mtani amelala hatua kumi kutoka hapo, akivuja damu kwenye majani makavu, mtu mmoja akimfunikia uso kwa shuka.

"Utani umezidi leo," alisema mtu mmoja tulipokuwa tunatoka. Sentensi hiyo ilipita kutoka mdomo hadi mdomo. Kabla ya kufika majumbani ilikuwa imekwisha kuwa habari yenyewe.

Tulimpakia kwenye pikipiki kati yangu na mwangalizi. Kichwa chake kilinigongagonga kifuani njia nzima. Mke wangu alimlaza barazani kwetu, akaliinua shuka, akalirudisha.

"Jicho limekwenda," alisema. "Tuokoe lililobaki. Mlikuwa wangapi hapo?"

"Wengi."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nilimweleza. Aliendelea kukata bandeji bila kuinua uso.

"Miaka yote uliyokaa na mafaili," alisema, "hukujifunza kumtambua mtu anayeomba?"

Hospitali ilimpokea, ikamsafisha na kumzuia damu. Kwa kuwa ni jeraha la kupigwa, ilitakiwa fomu namba tatu ya polisi, ile ambayo kila mtu huiita PF3, na askari wa zamu aliomba barua kutoka kijijini. Ndipo ilipoletwa barua ya mtendaji: ameumia katika utani wa msiba. Kwa maneno hayo matano tukio lilikuwa ajali, na ajali haina mtuhumiwa. Wiki hiyohiyo mtoto wa marehemu aliingiza vibarua katika shamba la mto. Walipoulizwa, walijibu kwamba mtani amenyang'anywa kiutani na hana haki ya kukasirika.

Majeruhi mwenyewe alikuwa kitandani, nusu ya uso imefungwa.

"Mzee, acha," aliniambia. "Nina mama, ana miaka mingi. Nikiwashtaki, nani atamwosha? Mimi peke yangu?"

"Shamba je?"

"Shamba ndilo linalomlisha huyo mama," alisema.

Sikumshawishi. Nilimwandikia mtendaji barua, nikamweleza kwamba nilikuwepo, kwamba maelezo yake hayakuwa ya kweli, na kwamba ninaomba yasahihishwe. Nakala nilibaki nayo. Baada ya siku chache niliitwa barazani.

Kikao kilifanyika kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji, mwanamke mnene wa makamo mwenye sauti kavu, ndiye aliyekiongoza. Mtendaji alikaa mezani na kalamu. Mtoto wa marehemu alikaa upande mmoja na ndugu zake. Majeruhi aliletwa na mwangalizi wetu, bandeji jichoni, mkono kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni.

"Wewe ndiye mkamata watani?" mwenyekiti aliniuliza.

Watu walicheka. Nilijibu kwamba ndivyo ninavyoitwa.

"Siku hiyo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulifanya nini?"

"Nilitabasamu."

"Alaa. Basi na wewe uliona ni utani."

Mtoto wa marehemu aliitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisimama mahali ambapo ushahidi ulionipinga ulikuwa uso wangu mwenyewe.

"Nilitabasamu kwa kuogopa kuchekwa mara ya pili," nilisema. "Nilichokiona ni hiki." Nikaeleza habari za kanzu, jinsi ilivyokunjwa na mahali ilipowekwa. Nikaeleza neno ndugu yangu, na kwamba lilitamkwa kabla ya pigo la jicho.

"Kanzu nyeupe," alisema mtoto wa marehemu. "Kaburi lina tope. Nani haivui?"

"Na ndugu yangu?" aliuliza mwenyekiti. "Nani mwingine alisikia?"

Mwanamume aliyekuwa amesimama bega kwa bega na mimi makaburini alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu chake.

Mwenyekiti alifikiri. Kisha akaagiza mpini uletwe, na ukaletwa, uleule, maana hapana aliyekuwa ameona sababu ya kuacha kuutumia. Akampa majeruhi.

"Kama ulikuwa utani," alimwambia mtoto wa marehemu, "utani hurudishwa. Simama, mwenzako naye akutanie."

Nilisimama kupinga. Nilisema kwamba baraza halina mamlaka ya kuamuru shambulio la mwili, na kwamba jambo kama hilo haliwezi kuandikwa katika muhtasari wowote.

"Keti, mzee," alisema mwenyekiti. "Muhtasari utasubiri."

Mtoto wa marehemu alisimama. Alikuwa na tabasamu, nalo nililifahamu, kwa kuwa nilikwisha kulivaa. Majeruhi aliushika mpini kwa mkono mzima, akamkaribia hadi pumzi zao zikakutana.

"Nikupige kama mtani," aliuliza, "au kama mwenye shamba?"

"Piga."

"Nimekuuliza. Mimi nina jicho moja, nisije nikakosea mtu."

Aliinua mpini. Uliinuka taratibu hadi juu ya kichwa, na jasho likaanza kumtoka mtoto wa marehemu kwenye midomo.

"Shamba ni la baba yangu," alisema. "Nilimwambia atoke, hakutoka. Nilimwambia mara tatu."

"Kumbe tulikuwa shambani," alisema mwenyekiti. "Na sisi tulidhani tuko makaburini." Akamgeukia mtendaji. "Andika upya."

Mtendaji alichukua karatasi mpya. Aliandika tarehe. Alikuwa amefika kwenye neno amepigwa, nami nilikuwa nimeinama mezani kuhakikisha anaandika sawasawa, niliposikia mlio. Majeruhi alikuwa amempiga. Pigo moja, kwenye kiwiko cha kulia, na mkono ukaning'inia kama tawi lililovunjwa kwa mvua. Mtoto wa marehemu alipiga ukelele, akaanguka juu ya benchi, na ndugu zake walimrukia yule mwenye jicho moja wakamkandamiza sakafuni, mmoja akimkanyaga kwenye bega lililokwisha kuvunjika. Tuliwaachanisha kwa fimbo na kwa kiti. Hata mimi nilivuta mtu, ukosi wa shati, na safari hii hapana aliyecheka.

Waliponyamaza wote, majeruhi alikuwa ameegemea ukuta. Bandeji ilikuwa imelowa. Alinitazama.

"Na hilo utaliandika, mzee?"

Mwangalizi wetu aliniwahi. "Hukuona, mzee. Ulikuwa umeinama mezani, unasoma. Kila mtu ameona ulikuwa unasoma."

Ilikuwa kweli kwamba nilikuwa nasoma. Lakini mpini ulipoinuka mara ya pili niliuona kwa pembe ya jicho, na niliona ukilenga kiwiko, mkono ule uliompiga. Mtendaji alikuwa ameshika kalamu, ananingoja. Mwenyekiti alikuwa ananingoja.

"Nitaliandika," nilisema.

"Kwamba alikusudia?" aliuliza mtendaji.

"Kwamba alikusudia."

Majeruhi aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa jibu alilolitarajia, akageuza uso ukutani.

Walipelekwa kituoni katika gari moja la mizigo, wote wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Zilitolewa fomu mbili za PF3, na katika maelezo yaliyofuata mimi ni shahidi wa pande zote mbili. Kwa sababu ya karatasi ya makaburini, mtoto wa marehemu ana kesi ya kujeruhi, na vibarua wametoka shambani. Kwa sababu ya karatasi ya kibarazani, mtani naye ana kesi, na anaripoti kituoni kila anapoamriwa, kwa mguu, mwendo wa asubuhi nzima, akipita mbele ya nyumba yetu.

Mke wangu humngoja njiani na dawa ya jicho lililobaki. Mtani humshukuru, humwita mama, humsimulia kuhusu maboga na kuhusu mama yake mzazi. Mimi nikiwa barazani huniamkia kwa adabu inayostahili umri wangu, shikamoo kamili, bila neno la pili, na huendelea na safari. Jana nilimwambia mke wangu kwamba niliyoyaandika yote ni ya kweli.

"Najua," alisema, huku anaosha kichupa. "Na yeye anajua. Ndiyo maana hasimami."